Wakili wa umeme wa maji na jua: anafanya kazi gani, na raia anamuhitaji wakati gani?

Kampuni ya umeme ikifika kwenye kijiji, watu wanaona kwanza mainjinia. Wanapima mto, wanahesabu maji, wanapanda mlima na mashini zao. Maswali ya raia yanafanana karibu kila pahali: umeme utawaka lini? Vijana wetu watapata kazi? Kontere itakuwa bei gani? Ni mara chache mtu anasimama kuuliza: mkataba uliandikwa na nani, na ndani mnasema nini?

Lakini majibu ya yale maswali yote yanakaa ndani ya ule mkataba. Bei ya umeme imeandikwa mle. Miaka ambayo kampuni itatumia mto imeandikwa mle. Malipo ya mwenye shamba, kazi ya vijana, nani atalipa kama mtambo unavunjika: yote iko kwenye karatasi, ao haiko. Na kama haiko, kesho hakuna mwenye kuidai. Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Mwenye kuandika, kusoma na kujadili zile karatasi ni wakili wa mambo ya nishati, avoka kama tunavyosema hapa kwetu. Ni kazi mpya kidogo katika inchi yetu, na vijana wengi wa fakilte ya sheria hawaijui bado. Tunaeleza hapa ilianza namna gani, inafanywa namna gani, mtu anaifikia kwa njia gani, na kwa nini raia wa kijiji naye anahitaji mtu wa namna hiyo upande wake.

Mali yetu iko wapi?

Nishati jadidifu ni nguvu yenye haiishe kwa kutumiwa: maji ya mto, jua, upepo, joto ya chini ya udongo. Mazutu ya jenereta inaisha. Makala ya kupikia nayo inamaliza pori. Lakini mto ukizungusha turbini leo, kesho bado unatiririka.

Kwa upande wa maji, Kongo ni tajiri sana. Wataalamu wanahesabu kwamba mito yetu inaweza kutoa karibu megawati 100.000, na zaidi ya 40.000 kati yake ziko Inga peke yake. Hata hivyo, Inga 1 ya mwaka wa 1972 na Inga 2 ya mwaka wa 1982, zote mbili pamoja, zilijengwa kwa megawati karibu 1.775 tu. Katika inchi nzima, karibu mtu 1 kati ya 5 ndiye mwenye kupata umeme.

Hapa mashariki, watu wa Bukavu wanajua Ruzizi 1 ya mwaka wa 1958 na Ruzizi 2 ya mwaka wa 1989. Upande wa Kivu ya Kaskazini, kandokando ya hifadhi ya Virunga kulijengwa mitambo ya Mutwanga mwaka wa 2013, Matebe mu Rutshuru yenye megawati karibu 13 mwishoni mwa 2015, kiisha Luviro mu Lubero. Mu Goma, kwenye kartye Ndosho, kampuni Nuru ilifungua mwanzoni mwa 2020 mtambo wa jua wa megawati 1,3. Nyuma ya kila mtambo wa namna hii kuna rundo la karatasi, na nyuma ya karatasi kuna wanasheria.

Mlango ulifunguliwa mwaka wa 2014

Zamani kazi hii haikuwa na nafasi. SNEL, kampuni ya Leta, iliundwa mwaka wa 1970, na kwa miaka mingi ndiyo ilishika umeme wa inchi: kutengeneza, kusafirisha, kuuza. Kama mwenye kuuza ni mmoja na mwenye mali ni Leta, mikataba ya kujadili inakuwa michache.

Katiba ya mwaka wa 2006 ilisema jambo kubwa katika artikle ya 48: haki ya kupata maji safi na umeme inahakikishwa kwa raia. Kiisha, tarehe 17 Juni 2014, ikatoka sheria namba 14/011 ya mambo ya umeme. Sheria ile ilifungulia makampuni ya watu binafsi mlango. Tangu hapo kampuni inaweza kuomba ruhusa ya kutengeneza umeme, kuugawa na kuuuza, bila kuwa SNEL.

Sheria ile ile ilipanga pia vyombo viwili vipya. Cha kwanza ni ARE, mamlaka ya kusimamia sekta: inatoa maoni juu ya bei, inaangalia kama makampuni yanafuata kanuni, inalinda mtumiaji na kusikiliza magomvi. Cha pili ni ANSER, wakala wa kupeleka umeme vijijini na pembeni ya miji. Vyote viwili vilipata dekre zao mwaka wa 2016.

Jambo lingine lenye wengi hawajui: siyo kila kitu kinaamuliwa Kinshasa. Kwa mitambo ya faida ya jimbo, gavana naye ana mamlaka. Ni kusema wakili wa Goma, wa Bukavu, wa Bunia ao wa Kisangani anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii bila kupanda ndege.

Karatasi tano za mradi mmoja

Tuchukue mfano wa mradi mdogo: mto unashuka mlimani, kampuni inataka kujenga mtambo wa kilowati 500 kwa faida ya centre ya biashara na vijiji vitatu. Wakili atapita kwenye karatasi tano.

*Ya kwanza ni ya ardhi.* Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote ni mali ya Leta. Mtu anapata haki ya kuutumia, siyo kuumiliki kabisa. Kwa mashamba ya kimila, sheria ile iliahidi kwamba ordonansi ya rais itapanga haki za wenyeji, lakini miaka mingi sana ilipita bila ile ordonansi kutoka. Ndiyo maana mkulima mwenye baba na babu walilima pale pale anaweza kuambiwa: karatasi yako iko wapi?

Lakini mkulima yule hayuko mikono mitupu. Artikle ya 34 ya Katiba inalinda mali ya mtu mmoja ao ya jamii, yenye ilipatikana kwa sheria ao kwa desturi. Inasema tena kwamba Leta haiwezi kukunyanganya mali isipokuwa kwa faida ya wote, na baada ya kulipa malipo ya haki. Malipo yanatangulia. Sheria ya tarehe 22 Februari 1977 ndiyo inaonyesha hatua: mtu anajulishwa, anapata nafasi ya kupinga na kusema bei yake, na kama hawasikilizani, tribinali kubwa ndiyo inakata. Wakili mzuri wa kampuni anafuata hatua hizo zote, juu anajua kwamba shamba lililochukuliwa vibaya leo ni kesi ya kesho, na mradi unaweza kusimama.

*Ya pili ni kibali.* Sheria ya 2014 inagawa vibali kwa aina. Konsesiyo ni kwa kazi zenye zinatumia mali ya wote, kama vile mto, ao nyaya kubwa za kusafirisha umeme. Kuna tena lisansi, otorizasiyo na deklarasiyo, kufuatana na kazi na ukubwa wa mtambo. Kwa mitambo midogo kabisa, kama plaki za jua juu ya nyumba yako, hakuna mtu wa kuomba ruhusa. Wakili anachagua mlango wa kweli. Akikosea mlango, kampuni inaweza kujenga mwaka mzima, kiisha kuambiwa kwamba ruhusa yake haina nguvu.

*Ya tatu ni ya mazingira.* Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inataka uchunguzi ufanywe mbele ya kujenga: mradi utafanya nini kwa maji, samaki, pori, mashamba na watu? Wakala wa Kongo wa mazingira, ACE, ndiyo inapima ile ripoti. Sheria inataka pia raia waulizwe. Hapo kuna kazi kubwa ya wakili wa raia. Ripoti inaandikwa kwa Kifaransa, kurasa nyingi, na mara inasomwa haraka haraka mbele ya watu wenye hawaelewi hata nusu. Hakuna ubaya kuomba ielezwe kwa Kiswahili, ao kwa luga ya kijiji. Mtu hawezi kusema aliulizwa kama hakuelewa swali.

Kama mradi uko kwenye pori lenye Wambuti ao Wambilikimo wengine wanaishi, kuna tena sheria ya tarehe 15 Julai 2022 juu ya haki zao. Ile inataka wakubali wenyewe, bila kusukumwa, na baada ya kupata habari zote.

*Ya ine ni mkataba wa kuuza umeme.* Hii ndiyo moyo wa mradi. Mkataba wa namna hii unaweza kushika miaka 15, 20 ao 25. Mtoto wenye anazaliwa siku ya saini atakuwa na watoto wake wakati unaisha.

Tufanye hesabu kidogo, kwa mfano tu. Bei ni senti 25 za dola kwa kilowati-saa moja. Nyumba yenye kutumia kilowati-saa 15 kwa mwezi italipa dola 3 na senti 75. Lakini ndani ya mkataba kuna mstari mmoja mdogo: bei itapanda asilimia 3 kila mwaka. Asilimia 3 inaonekana kidogo. Baada ya miaka 20, bei inakuwa karibu senti 45, na nyumba ile ile, kwa matumizi yale yale, inalipa karibu dola 6 na senti 75.

Ongeza jambo la franga. Kama bei iliandikwa kwa dola na mama anauza samaki kwa franga, kila wakati dola inapanda, umeme nao unapanda. Dola 3 na senti 75 ni franga 7.500 kama dola ni 2.000. Dola ikifika 2.800, ni franga 10.500. Hakuna mtu aliyebadilisha bei. Ni mkataba unafanya kazi yake. Kampuni nayo ina sababu zake: ilinunua turbini kwa dola, na benki inadai dola. Kazi ya wakili ni kutafuta mstari wenye pande zote mbili zinaweza kubeba.

Kuna tena mstari wenye unaitwa "lipa hata usipochukua". Unasema mnunuzi mkubwa, kama SNEL ao kiwanda, atalipa umeme uliotengenezwa hata kama nyaya zake zilianguka na hakuupokea. Bila mstari huo, benki nyingi hazikopeshe. Lakini ukiandikwa vibaya, Leta inalipa miaka na miaka umeme wenye raia hawakuona.

*Ya tano ni ya pesa na ya matatizo.* Benki inataka dhamana. Inataka kujua: kampuni ikishindwa, nani anachukua mtambo? Sheria ikibadilika? Vita ikifika? Hapa kwetu swali la mwisho siyo mchezo. Mwezi wa kwanza 2025 vita ilifika Goma, mwezi wa pili ikafika Bukavu, na mabenki yakafunga milango. Mtu mwenye deni la benki na mwenye mkataba wa kazi wote waliuliza swali moja: ninalipa namna gani? Katika mikataba, mambo yenye yanapita nguvu ya watu yanaitwa kwa Kifaransa force majeure. Wakili anaandika mbele: ni matukio gani yanaingia mle, nani anajulisha nani, kwa muda gani malipo yanasimama, na mkataba unakufa lini. Mwenye hakuandika hayo wakati wa amani, anayagombania wakati mbaya zaidi.

Ruzizi 3: watu watatu kwenye mto mmoja

Kwa kuona namna karatasi inaweza kuwa nzito kuliko mawe, tuangalie mto wetu Ruzizi. Ruzizi 1 ilikuwa jambo rahisi: mtambo mmoja, upande wa Bukavu, na leo mwenye kuuendesha ni SNEL. Ruzizi 2 ilihitaji mapatano kati ya inchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi, zenye zilikuwa zimeunda CEPGL mwaka wa 1976. Zikafanya kampuni moja ya pamoja, SINELAC, yenye inatengeneza umeme na kuuzia makampuni ya kitaifa ya inchi zote tatu.

Ruzizi 3 inataka zaidi. Inchi ni zile zile tatu, kila moja na fungu lake sawa la umeme. Lakini safari hii kampuni za watu binafsi ziko ndani, na IPS ya kundi la Aga Khan iko mbele. Nguvu ya mtambo ilipangwa kwanza kuwa megawati 147, kiisha ikapandishwa mpaka 206. Mwaka wa 2019 serikali tatu na wajenzi walitia saini mapatano makubwa ya mradi, baada ya mazungumzo ya miaka mingi.

Kwa nini mazungumzo marefu hivyo? Hesabu karatasi. Mapatano kati ya serikali tatu. Konsesiyo ya mto wenye ni mpaka. Mikataba ya kuuza umeme kwa wanunuzi watatu, kila mmoja na sheria za inchi yake. Mikopo ya mabenki ya maendeleo, kila benki na masharti yake. Malipo ya wenye mashamba kwenye ngambo mbili. Kama mnunuzi mmoja halipi, je, wengine wawili watazimiwa? Kama inchi mbili zinagombana, nani atakata kesi? Injinia hawezi kujibu hayo. Na mpaka yajibiwe, hakuna benki yenye kutoa pesa.

Wakili wa nani?

Kwenye meza ya mradi mmoja mnaweza kuwa mawakili wa pande ine: Leta, kampuni, benki, na mnunuzi wa umeme. Kila mmoja analipwa na upande wake, na hiyo siyo ubaya. Ndiyo kanuni ya kazi. Ubaya ni kiti cha tano kinabaki wazi: kiti cha raia wenye udongo. Shefu wa kijiji anakuja na muhuri wake, anaonyeshwa pa kutia saini, wanapiga picha, na mkutano unaisha.

Watu wanasema mara nyingi: "Avoka wa kampuni alituelezea vizuri." Inawezekana alieleza vizuri kabisa. Lakini hakuwa wakili wenu. Kama kuna shaka katika mstari, kiapo chake kinamtuma kulinda mwenye kumlipa.

Wako wanasheria wenye walichagua ule upande wa pili. Mu Kivu ya Kaskazini, Maître Olivier Ndoole Bahemuke alijulikana kwa kutetea mazingira na ardhi ya jamii kandokando ya Virunga. Mwaka wa 2023 alipewa zawadi ya Front Line Defenders kwa upande wa Afrika. Kinshasa, shirika CODELT linafanya kazi ya sheria juu ya mapori na mazingira. Kazi ya upande huu hailipe sana, na mara inaleta hatari. Lakini bila hiyo, neno "maendeleo yenye kudumu" linabaki neno la semineri.

Kijana anafika namna gani kwenye kazi hii?

Hakuna shule ya pekee ya "avoka wa umeme". Njia ni ile ya mawakili wote, na nyongeza fulani.

Kwanza ni masomo ya sheria, miaka mitano mpaka kumaliza lisansi ya zamani, ao mastere kwa mpango mpya. Hapa mashariki fakilte za sheria ziko: UNIGOM na ULPGL mu Goma, UCB mu Bukavu, UNIKIS mu Kisangani, na zingine. Kiisha mtu anaomba kuingia kwenye baro. Kwa sheria ya tarehe 28 Septemba 1979, yenye inapanga kazi ya uwakili, anafanya staji ya miaka miwili chini ya wakili wa zamani, mbele ya kuandikwa kwenye tablo kubwa. Kuna pia watetezi wa mahakama, défenseurs judiciaires, wenye wanafanya kazi kwenye tribinali. Nao wanaweza kusaidia sana kesi za mashamba.

Baada ya hapo, nyongeza. Ya kwanza ni sheria ya biashara ya OHADA, yenye ilianza kufanya kazi katika Kongo tarehe 12 Septemba 2012. Kampuni za umeme zinaundwa kwa sheria hiyo, dhamana za benki zinaandikwa kwa sheria hiyo, na kesi zake za juu zinafika kwenye mahakama ya Abidjan. Ya pili ni sheria ya mikataba ya Leta na watu binafsi, ya tarehe 9 Julai 2018. Ya tatu ni sheria ya maji, ya tarehe 31 Desemba 2015. Ya ine ni mambo ya kaboni: sheria ya mazingira ilibadilishwa mwaka wa 2023 na kuingiza soko la kaboni, na tayari kuna watu wanatembea vijijini na mikataba ya pori mkononi. Kijana mwenye kuelewa karatasi hizo hatakosa kazi.

Nyongeza ya tano siyo ya sheria. Ni hesabu. Wakili mwenye hajui tofauti ya kilowati na kilowati-saa atadanganywa mchana. Kilowati ni nguvu ya mtambo, kama ukubwa wa bomba. Kilowati-saa ni umeme uliotumiwa, kama ndoo ulizojaza. Bei inahesabiwa kwa ndoo, siyo kwa bomba.

Kwa mwenye kutaka kujifunza bila kulipa, Facilité africaine de soutien juridique, shirika lenye liliundwa mwaka wa 2008 na lenye makao kwenye Benki ya Maendeleo ya Afrika Abidjan, lilishiriki kutoa kitabu cha kueleza mikataba ya kununua umeme, na kinapatikana kwa Kifaransa pia. Shirika hilo linasaidia serikali za Afrika wakati wa kujadili na makampuni makubwa, juu zamani serikali zilikuwa zinaketi na mawakili wawili mbele ya mawakili ishirini.

Nafasi za kazi ni nyingi kuliko baro peke yake: kampuni za mitambo ya maji na jua, wizara za jimbo, ARE na ANSER, mashirika ya mazingira, mabenki. Wengine wanaanza kama mwanasheria wa shirika ndogo, kiisha wanafika kwenye meza kubwa.

Maswali saba mbele ya muhuri

Hata kama kijiji hakina wakili bado, kinaweza kuuliza. Tunaacha hapa maswali yenye mwanasheria yeyote angeuliza. Muyaandike kwenye daftari ya kamati, na muombe majibu kwa maandishi:

1. Kampuni ina kibali gani, kilitolewa na nani, tarehe gani? Tunaomba kopi.
2. Uchunguzi wa mazingira ulifanywa? Nani atatuelezea kwa luga yetu?
3. Ni mashamba gani yatachukuliwa, na kila mmoja atalipwa ngapi, mbele ya mashini kuingia?
4. Mto utaachiwa maji kiasi gani wakati wa kiangazi, kwa ngombe, bustani na samaki?
5. Umeme utapita juu ya vichwa vyetu kwenda mjini, ao utashuka pia kwetu? Tarehe gani, na bei gani?
6. Bei inaweza kupanda kwa sababu gani, na nani anaamua?
7. Mkataba unaisha mwaka gani, na siku hiyo mtambo unabaki kwa nani?

Kama jibu ni "hayo mutaona mbele", bado siyo saa ya kutia saini. Hakuna sheria yenye inalazimisha shefu ao mkulima kutia saini siku ile ile. Kuomba wiki mbili za kusoma siyo kupinga maendeleo.

Kwa wenye hawana uwezo wa kulipa, sheria inataka kila baro iwe na ofisi ya kushauri watu bila malipo, Bureau de Consultation Gratuite. Ofisi hiyo siyo kwa kesi za gereza tu. Mtu anaweza kufika pale na mkataba wa shamba ao wa mto, na kuomba asomewe. Mwende mkiwa wawili ao watatu wa kamati, na mubebe kopi ya kila karatasi mulionyeshwa, hata ile yenye haina muhuri.